MJADALA: Mpaka ufilisike ndipo usamehewe ada? Nafuu ya Marekani kwa wadogo wa vifaa tiba

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Niko Minneapolis, kazi yangu ni kuandikia hesabu biashara ndogo ndogo, nyingi za watu wa kwetu: saluni, malori, nyumba za kutunzia wazee. Mteja wangu mmoja ni fundi alumini. Anatengeneza magongo ya wagonjwa na fimbo za wazee kwenye gereji ya nyumbani kwake, yeye, mkewe na kijana mmoja anayelipwa kwa saa. Oktoba ikifika ananipigia simu kabla hata sijamkumbuka: "Mwaka huu wamepandisha hadi ngapi?"

Anaulizia ada ya usajili ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ambayo husimamia pia vifaa tiba. Mwenye kiwanda cha vifaa tiba vinavyouzwa Marekani husajili eneo lake kila mwaka, kati ya tarehe 1 Oktoba na 31 Desemba, na usajili haukamiliki mpaka pesa iingie. Ada hii ilipoanza, mwaka wa fedha 2008, ilikuwa dola 1,706. Mwaka 2024 ikawa 7,653, mwaka 2025 ikapanda hadi 9,280, na 2026 ni 11,423. Gongo, kwa faida ya wasiojua, ni kifaa cha daraja la kwanza, wale wa hatari ndogo kabisa. Halipitiwi na FDA kabla ya kuingia sokoni. Lakini ada ni moja kwa wote. Medtronic, kampuni kubwa ya vifaa tiba, wapo hapa hapa jirani, wanauza zaidi ya dola bilioni 30 kwa mwaka, na kwa kila kiwanda chao wanalipa hiyo hiyo 11,423 anayolipa fundi wangu.

Miaka yote jibu lilikuwa hakuna punguzo la ada ya usajili, uwe mdogo uwe mkubwa. Mwaka 2025 FDA wakatoa mwongozo unaofungua mlango wa msamaha. Masharti: mauzo ghafi yasizidi dola milioni 1, ukijumlisha na ya kampuni unazohusiana nazo; uwe umewahi kusajili na kulipa huko nyuma; na uthibitishe kwamba kulipa kutakutia kwenye shida ya kifedha. Hapo nikachangamka. Nikaendelea kusoma nione shida hiyo inathibitishwaje, nikakuta: uwe kwenye shauri la kufilisika mahakamani.

Fundi wangu hajafilisika. Anabanwa tu. Jozi moja ya magongo ikishalipia alumini, mpira, boksi na usafiri inamwachia kama dola 9. Pigeni hesabu: jozi 1,270 za kwanza za mwaka anazitengenezea ada. Huku si ndiko kukumbuka shuka kumekucha? Naomba maoni, na wanaopinga pia nawakaribisha.

Nesi wa Usiku (Houston)

Pole kwa mteja wako, lakini mimi napinga. Hii pesa inalipa watu wanaopitia vifaa ninavyomwekea mgonjwa saa nane za usiku. Pampu ya dawa ikigoma, mimi ndiye ninayesimama pale kitandani. Tangu sheria ya 2002 watengenezaji wanachangia gharama za ukaguzi, na Bunge linaihuisha kila baada ya miaka mitano. Ukianza kusamehe huyu na yule, pengo linazibwa na nani? Na wadogo wanasaidiwa tayari. Maombi ya kuingiza kifaa sokoni, yale ya 510(k), mwaka 2025 yalikuwa dola 24,335, lakini mdogo alilipa 6,084. Robo tu.

Mleta mada

Dada, hiyo robo naijua na ni nafuu ya kweli. Ila tazama nani anaipata: kampuni yenye mauzo hadi dola milioni 100. Huyo naye anaitwa mdogo! Na mwenye mauzo hadi milioni 30 hupewa ombi lake la kwanza la PMA, lile la vifaa vya hatari kubwa, bila kulipa kitu, wakati bei yake kamili mwaka 2025 ilipita dola 540,000. Fundi magongo hana 510(k) ya kuomba. Kitu pekee anacholipa FDA ni usajili, na ndicho kitu pekee kisicho na punguzo. Pampu yako ya usiku inapitiwa na wataalamu, sawa. Gongo lake halipitiwi na mtu, ila analipia.

Mzee wa Desimali

Nimekaa pembeni nasoma. Niongeze kitu ambacho wengi hawakijui kuhusu ada hii inavyopangwa. Sheria inaweka jumla ya mapato yanayotakiwa kwa mwaka. Mfumuko wa bei ukishahesabiwa, kama ada nyingine hazifikishi ile jumla, ya usajili ndiyo inayopandishwa kujazia. Yaani ndiyo kifuniko cha sufuria, kinasukumwa juu na kila kinachochemka chini. Kutoka 9,280 hadi 11,423 ni asilimia 23 kwa mwaka mmoja, na sijaona mtu aliyeongezewa mshahara kwa kiasi hicho.

Kwa hiyo Nesi ana haki kuuliza pengo litazibwa na nani. Jibu ni hao wengine waliosajiliwa. Swali langu kwa mleta mada: unataka msamaha, au unataka ada ya ngazi kulingana na mauzo? Hayo ni mambo mawili.

Chumvi Nyingi

Afilisike basi, asamehewe, afufuke, alipe tena. Mbona rahisi.

Mwenye Duka, Kariakoo

Nipo Dar, naagiza vifaa tiba, na jambo hili linanigusa kwa njia nyingine. Wauzaji wa nje wananitumia "cheti cha FDA" chenye picha ya ndege tai, muhuri wa dhahabu na sahihi mbili. FDA hawatoi cheti cha usajili, wamelisema hilo waziwazi. Vyeti hivyo vinachapwa na mawakala binafsi, na kusajiliwa kwenyewe hakuna maana ya kuidhinishwa. Hapa kwetu mamlaka ya dawa na vifaa tiba ni TMDA, iliyokuwa TFDA mpaka 2019, hao ndio wanaonipa kibali, si tai wa kwenye karatasi.

Hofu yangu: ada ikiwa bure, kila mwenye kompyuta atajisajili na mimi nitaletewa tai wengi zaidi. Ada kubwa angalau inachuja matapeli.

Mleta mada

Mwenye Duka, hapo kwenye mawakala umenikumbusha. Mwaka juzi fundi alipokea barua yenye nembo inayofanana kabisa na ya serikali, ikimtaka alipe "ada ya kuhuisha". Akalipa dola mia kadhaa kwa kampuni binafsi akidhani amemaliza. Ada yenyewe ilikuwa bado inamsubiri. Kwa hiyo matapeli wapo na ada ipo, tena ikiwa kubwa ndivyo mtu anavyotafuta njia ya mkato na kuangukia kwao.

Kuhusu kuchuja, nawaambia alichoniambia yeye mwenyewe, kwa utani lakini si utani sana. Kifaa kinakuwa kifaa tiba kwa sababu ya matumizi unayoyatangaza. Fimbo iliyoandikwa ni ya mwenye maumivu ya goti ni kifaa tiba. Fimbo ile ile, alumini ile ile, ikiandikwa ni ya kupandia milima, ni bidhaa ya michezo. Akasema, "Nikibadilisha stika kwenye boksi, nimeokoa dola elfu kumi na moja." Hajafanya. Lakini wangapi wamefanya? Hao FDA hawawaoni tena, na siku kishikio kikivunjika bibi akaanguka, hakuna wa kupeleleza kiwanda. Dada Nesi, usajili ndio daftari la usalama. Ada inapomfukuza mdogo inachana kurasa za daftari hilo.

Nesi wa Usiku

Hapo kwenye stika umenigusa kidogo. Kidogo. Bado nasema asiyemudu kuwa ndani ya sheria labda biashara hiyo haimfai.

Fundi Miwani (Toronto)

Marekebisho madogo, watu wasitishike. Daktari wa macho au duka linalokupimia na kukukatia lenzi hapo hapo halitakiwi kusajili. Anayesajili ni anayetengeneza fremu za kuuza kwa maduka. Viwanda vya serikali ya shirikisho, vya majimbo na vya makabila ya Wahindi Wekundu navyo havilipi, isipokuwa vikiuza bidhaa kibiashara. Kwa hiyo kanuni ya kusamehe kulingana na mtu alivyo ipo tayari, tunabishana kuhusu kiwango tu.

Na wakitaka, wanaweza haraka. Kumbukeni Desemba 2020. Viwanda vidogo vya pombe kali vilikuwa vimegeuka kutengeneza vitakasa mikono wakati wa korona. Tarehe 29 ikatangazwa ada ya dola 14,060 kwa kila eneo la kutengenezea. Ilikuwa chini ya sheria ya dawa zisizohitaji cheti cha daktari, si vifaa tiba, lakini kilio ni hiki hiki. Wenye viwanda wakapiga kelele, na tarehe 31 Wizara ya Afya ikaagiza wasitozwe. Siku mbili!

Mzee wa Desimali

Wale walikuwa wengi na walikuwa kwenye habari, Fundi Miwani. Wa magongo yuko gerejini. Na mleta mada bado hajanijibu.

Mleta mada

Mzee, nakujibu. Nataka ngazi. Chini ya milioni 1 alipe kiasi kinacholingana na kazi anayowapa FDA, tuseme kile cha mwaka 2008 ukiongezea mfumuko wa bei. Najua utasema itabidi FDA wakague mapato ya kila mtu. Wanakagua tayari kwa wanaoomba hadhi ya biashara ndogo: wa hapa huleta ritani ya kodi, wa nje huthibitishiwa na mamlaka ya kodi ya nchi yake, yaani wa Nairobi anakwenda KRA. Njia ipo, ni kuipanua. Na sharti la kufilisika liondoke, maana mdogo anahitaji nafuu akiwa bado na nguvu ya kufanya kazi.

Sheria ya sasa inaisha tarehe 30 Septemba 2027, na Bunge lazima lipitishe nyingine. Hapo ndipo pa kusemea. Mwenye mbunge wake huku amwandikie.

Mwenye Duka, Kariakoo

Naunga mkono ngazi, nakataa bure. Sasa huyo fundi mwaka huu analipa au halipi?

Mleta mada

Nimempigia jana. Kanijibu nimtafute tena mwezi wa kumi na mbili, kwanza aone kama nyumba moja ya wazee itamlipa jozi 200 inazodaiwa. Stika mpya hajachapisha. Nimemuuliza.