Rezidenti wa upasuaji Unguja mjini: nikae wapi, na utumbo wa mazoezi niupate wapi?

mgeni_mjini
Assalaam alaykum wakubwa. Naanza kusomea ubingwa wa upasuaji wa jumla kwa njia ya COSECSA (chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini): miaka 2 ya MCS, ngazi ya kwanza, kisha 3 ya FCS, ngazi ya ubingwa. Zamu za usiku tunaitwa kutoka nyumbani. Nina chumba Fuoni, kikubwa na rahisi, na kingine Vuga, kidogo na ghali. Kipi? La pili: nataka kuzoea kuunga utumbo kabla sijaachiwa wa mtu. Vitabu vya Ulaya vinasema utumbo wa nguruwe. Kwetu hapa ndiyo iweje?

kamba_na_fundo
Waalaykum salaam. Chukua Vuga. Ukiwa Vuga au Kikwajuni unafika hospitali ya Mnazi Mmoja kwa miguu. Fuoni saa nane za usiku daladala hakuna, na bodaboda kwenye mvua huenda ikakufikisha ukiwa mgonjwa. Ila kagua kuta kabla ya kulipa kodi. Nyumba za mawe na chokaa hunyonya unyevu, masika vitabu vinaota ukungu, kwa hiyo ghorofani ni afadhali kuliko chini. Na uliza habari ya tangi la maji.

Utumbo ni wa mbuzi. Nenda Darajani mapema, umwambie muuza nyama akupe utumbo mwembamba na asiuparue mafuta, maana tabu yote iko upande huo wa mafuta. Osha kwa maji na chumvi, kata vipande vya sentimita 15, ulaze juu ya ubao na uwe unaunyunyizia maji usikauke.

Tumia uzi 3-0 (namba ya unene) wenye sindano ya duara, isiyo na makali ya pembeni. Anza na mishono miwili ya kushikilia: mmoja upande wa mafuta, mmoja mkabala wake. Kisha shona kati yao, milimita 4 hadi 5 kutoka ukingoni na nafasi kama hiyo baina ya mshono na mshono. Sindano lazima ipite tabaka lililo chini ya utando wa ndani, kwani hilo ndilo linaloshika uzi. Ukiishia juu juu, mshono unachanika ukivuta. Utando wa ndani usichungulie nje. Kaza mpaka kingo zikutane, basi. Ukiona nyama imekuwa nyeupe chini ya uzi, kwa mtu aliye hai hapo umeshakata damu na pataoza.

Halafu jaribu: funga ncha moja, ingiza maji yenye rangi ya chakula kwa bomba la sindano la mililita 50, minya taratibu. Mara nyingi huvuja pale kwenye kona ya mafuta, kwa sababu mafuta hukuficha ukingo ukadhani umeushika.

nesi_wa_thieta
Nyuzi zilizopitwa na muda muombe msimamizi wa thieta (chumba cha upasuaji), usijichukulie stoo. Na koleo lililoshika nyama ya mbuzi lisirudi kwenye seti za wagonjwa hata ukilichemsha. Nunua lako.

mpemba_wa_mkoani
Ukipangiwa hospitali ya Abdulla Mzee, kwetu Mkoani Pemba, msimu wa karafuu, jiandae kwa walioanguka mikarafuuni. Wengi huletwa wamekalishwa kwenye pikipiki, shingo inaning'inia. Mhesabu kila mmoja kuwa na uti wa mgongo uliovunjika mpaka uthibitishe sivyo. Kumgeuza ni watu wanne: mmoja kichwani ndiye anayetoa amri, watatu mwilini.

mgeni_mjini
Ahsanteni sana. Na daftari la operesheni, mnajaza lini?

kamba_na_fundo
Usiku uleule, kabla hujalala. Tarehe, namba ya faili (jina la mgonjwa usiandike), operesheni, na nafasi yako: umesaidia, umefanya ukisimamiwa, au umefanya mwenyewe. Ngiri na busha zinajaa haraka na watu huzidharau hawaziandiki, ziandike. Msimamizi wako athibitishe kila wiki. Bingwa mgeni aliyekuja kwa wiki mbili usimngoje siku ya kuagana, akishapanda ndege kumpata athibitishe ni kazi. Na mtihani au kozi ikiwa Dar, vuka siku moja kabla, hasa wakati wa kusi. Boti ikiahirishwa, chumba cha mtihani hakikungoji.