Pangani, Utete au Ifakara? Mji wa mtoni wa kukaa siku 5 na mama

binti_wa_mama: Habarini wakuu. Nina likizo ya siku 5 mwezi wa saba, nataka kumtoa mama (miaka 68, magoti yanamsumbua). Kakulia Korogwe kando ya mto na toka tumhamishie Dar kila siku anaulizia maji. Sitaki mbuga wala hoteli za wazungu, nataka mji mdogo ambao anatoka asubuhi anakaa kibarazani anaona watu na mto. Nimebaki na hii mitatu, aliyeishi huko anieleze ukweli.

dereva_wa_kusini: Utete nimepeleka mizigo sana. Unavuka daraja la Mkapa pale Rufiji, ukifika Nyamwage unakunja kulia unaingia ndani. Ni kimya, watu wakarimu mno, embe na samaki wa mtoni hukosi. Ila Rufiji sio mto wa kumsogeza mzee ukingoni, mamba wapo na viboko wapo, wenyeji wenyewe wanachota maji kwa tahadhari. Afu mafuriko ya 2024 yaliwaumiza sana watu wa bonde lile. Kwa mama mwenye magoti mi nasema hapana.

Mndamba_Ifakara: Ifakara kwetu mama atakula wali, yaani wali wenyewe, ukipikwa nyumba ya tatu unausikia harufu. Mji ni tambarare, baiskeli kila kona, hana mlima wa kupanda. Mnaweza kuja na treni ya TAZARA mkashuka hapohapo Ifakara. Ila niseme ukweli, mto Kilombero haupo mjini, mpaka mchukue bajaji mwende Kivukoni, na toka daraja lijengwe pale pamepoa. Zamani tukisubiri kivuko mama ntilie wamejipanga na kambale wa kukaanga, sa hivi magari yanapita juu moja kwa moja yanaenda Mahenge. Daraja tumelishukuru maana 2016 kivuko kilizama, ila kwa mtu anayetaka kukaa aangalie mto pamebaki padogo.

mtoto_wa_Bweni: Dada mpeleke Pangani. Mie kwetu Bweni, ng'ambo ya pantoni. Mto unapita mbele ya mji, unatoka gesti hatua chache ushafika. Akae pale kwenye ukuta wa mto jioni aangalie pantoni, maji yakiwa yanatoka kwa nguvu utaona inapanda juu kwanza ndo inakuja kuangukia gatini ubavuubavu, na watu washasimama na baiskeli na matenga ya samaki wanataka kushuka kabla haijatulia. Kuna nyumba za kale, Boma lina milango ya nakshi, na Pangani ndo Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim Desemba 1889, wazee watamsimulia. Asubuhi madafu na mihogo. Usiku hakuna makelele.

Mama_Zuu: Naunga mkono ila msimfiche, pale mjini maji ya mto yana chumvi, bahari ikijaa inapanda mtoni. Asitegemee maji matamu kama ya Korogwe. Na kisiwa cha Maziwe msimpeleke, kile sasa hivi ni fungu la mchanga tu, maji yakijaa linafunikwa, na kupanda na kushuka boti kwa magoti yale ni mateso. Mkodini mtumbwi wenye injini mpande nao mtoni taratibu kwenye mikoko na minazi, atafurahi.

dereva_wa_kusini: Kwani si mto ni uleule? Unaopita Korogwe ndo unaishia Pangani, maji yanatoka Kilimanjaro na Meru huko. Mama anafuata maji ya kwao yanapoingilia baharini.

binti_wa_mama: Wakuu nimemsomea hayo, kanyamaza kidogo kisha kasema wakiwa wadogo walikuwa wanatupa maganda ya nazi mtoni pale Korogwe wanabishana yatafika wapi, na yeye mpaka leo hajawahi kufika Pangani. Basi ni Pangani. @mtoto_wa_Bweni nitafutie gesti ya chini isiyo na ngazi, choo cha kukaa, karibu na pantoni. Na kutoka Tanga mjini kosta za asubuhi zinaanza saa ngapi, nisimweke mama stendi juani?

mtoto_wa_Bweni: Njoo inbox nikupe namba ya shangazi, ana vyumba viwili vya uani, hakuna ngazi hata moja. Kosta atakuulizia yeye.