Lupita aliacha jukwaa alipoingia kwenye filamu?

Binti wa Likoni

Hamjambo wapenzi wa maigizo. Mimi niko kwenye kundi linalozunguka shule za sekondari hapa Pwani tukiigiza vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa. Sasa nimepata nafasi ndogo kwenye tamthilia ya televisheni, na mwongozaji hanipi nafasi ya kupumua: "Punguza sauti! Mikono hiyo! Hapa si jukwaani!" Wenzangu wananiambia nikitaka kufika alikofika Lupita Nyong'o nisahau jukwaa kabisa. Ni kweli yeye aliacha?

Mzee wa Mapazia

Hakuacha, binti yangu. Nimeshughulika na taa na mapazia Nairobi miaka mingi, na huniuma watu wanapoanza habari za Lupita na Oscar ya 2014, ile ya *12 Years a Slave*, kana kwamba kabla ya hapo hakuwapo. Alikuwa na miaka 14 alipoigiza Juliet na kundi la maigizo la Phoenix Players, hapa hapa Nairobi.

Ninalolipenda zaidi ni hili. Mwaka 2009, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, palionyeshwa *Eclipsed*, tamthilia ya Danai Gurira kuhusu wanawake waliotekwa katika vita vya Liberia. Lupita alikuwa mwigizaji wa akiba: unakariri kila neno, unajua kila hatua, na huenda usipande kamwe. Akapata Oscar, filamu zikamfungukia, naye akairudia tamthilia ile ile, sasa yeye ndiye anayeigiza mhusika aitwaye Msichana. Ilianza Public Theater, New York, mwaka 2015, ikahamia Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za jiji hilo, 2016, akateuliwa kuwania Tony, tuzo ya maigizo ya jukwaani.

Kisha tazama mwaka 2024. Katika *The Wild Robot* hana uso, ni sauti tu ya roboti. Katika *A Quiet Place: Day One* ni kinyume chake: anayepiga kelele anauawa, kwa hiyo karibu kila kitu anakisema kwa macho na pumzi. Huyo ni mtu mmoja, mwaka mmoja. Mwili na sauti vya namna hiyo vinatengenezwa mazoezini.

Fundi wa Buruburu

Mzee, heshima yako, lakini tusimdanganye binti wa watu. Lupita ni mtoto wa Profesa Anyang' Nyong'o, na amesomea Yale. Sisi wengine jukwaa halitulipii kodi ya nyumba. Televisheni ikilipa, aende asigeuke.

Mzee wa Mapazia

Aende, tena upesi! Kuhusu kodi sina ubishi, nimewaona wasanii wazuri mno wakifungiwa milango. Ninachokataa ni kumwambia kwamba aliyojifunza mbele ya wanafunzi ni uchafu wa kuoshwa. Mwaka 2025 Lupita aliigiza Viola katika *Twelfth Night* ya Shakespeare, kwenye ukumbi wa Delacorte, Central Park. Pacha wa Viola, Sebastian, aliigizwa na mdogo wake Lupita wa damu, Junior. Mwongozaji alikuwa Saheem Ali, mzaliwa wa Kenya. Na ndugu hao wawili wakazungumza Kiswahili jukwaani, katikati ya New York! Nilifurahi mpaka nikawapigia simu watu niliokuwa sijaongea nao kwa muda mrefu.

Binti wa Likoni

Shikamoo mzee. Nimekuelewa. Lakini kesho narekodi tena. Hiyo sauti niifanyeje?

Mzee wa Mapazia

Marahaba mwanangu. Usiipunguze tu, maana ukipunguza sauti peke yake na hisia zinakufa. Jukwaani unasema na mwanafunzi aliyeketi nyuma kabisa. Kesho sema na mwenzako aliye mbele yako, yeye tu, na kamera itakufuata yenyewe. Unachokitaka kutoka kwake kibaki kikali vile vile. Leo usiku jirekodi kwa simu ukiiweka karibu na uso, kwanza kama uko shuleni, halafu kama unamnong'oneza mtu, ulinganishe. Na kundi lako uwaambie leo siku utakazokosa, wamwandae wa akiba.