Nitafuteje picha za zamani za nyumba za mawe za Mikindani?

Mkazi wa Mikindani:
Ndugu zangu, nawasalimu. Familia yetu ina nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa hapa Mikindani, karibu na mji wa Mtwara, ambayo roshani yake ya mbao ilianguka kabla sijazaliwa. Sasa tunataka kuirudisha, lakini wazee wanapishana: mmoja anashikilia kwamba ilizunguka pande mbili, mwingine anaapa kwamba ilikuwa ya mbele tu. Kabla hatujamlipa seremala, nimeona nitafute ushahidi katika hifadhidata za picha za majengo zilizoko kwenye intaneti. Nimeandika “nyumba za kale Mtwara” kwa namna nyingi, nikaletewa hoteli, fukwe na bandari ya leo. Je, picha hizo hazipo, au ni mimi nisiyejua kuuliza?

Mkutubi, Lindi:
Neno Mtwara ndilo linalokupoteza, ndugu yangu. Mtwara ilianza kukua kuwa mji mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati wa mradi mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga, ilhali Mikindani ilikuwa bandari ya majahazi tangu kale; kwa hiyo aliyeipanga picha ya mwaka 1905 hakuwa na sababu ya kuandika Mtwara. Hifadhidata nyingi haziitazami nyumba yenyewe, bali husoma maelezo yaliyoandikwa chini ya picha, na maelezo hayo yako katika lugha ya mwandishi wake. Andika “Mikindani” peke yake, bila kuongeza neno lolote, kisha upitie matokeo yote hata kama yanachosha. Katika picha za zamani za kikoloni zilizohifadhiwa kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, maelezo ni ya Kijerumani, kwa hiyo jaribu pia “Deutsch-Ostafrika”, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani. Usiache mkusanyiko wa Winterton ulioko Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, wenye picha za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960.

Mpiga Picha wa Kilwa:
Naafikiana na Mkutubi, ila niongeze jambo. Sisi wa Kilwa tuna Kisiwani, Kivinje na Masoko, na wageni huziandika zote “Kilwa” tu, kwa hiyo nimejifunza kutoamini maelezo mpaka nimetazama jengo. Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na Msikiti Mkuu utaupata bila shida hata kwenye Archnet, hifadhidata ya intaneti inayoshughulikia zaidi usanifu wa ulimwengu wa Kiislamu. Nyumba ya kuishi ya mtu wa kawaida ni nadra kupewa picha yake peke yake. Itafute nyuma ya kitu kingine. Wajerumani walijenga boma lao la Mikindani mwaka 1895 mahali palipoinuka juu ya mji, na anayepiga picha kutoka huko akielekea ghubani huchukua mapaa na roshani bila kukusudia. Tena, kagua bahari iko mkono gani, kwa maana hasi za vioo, zilizotumika zamani badala ya filamu, huweza kusafishwa kinyume, kushoto kukawa kulia, na ukifuata picha kama hiyo seremala atakujengea roshani upande usio wake.

Mkazi wa Mikindani:
Nashukuru sana. Kwa “Mikindani” pekee nimepata picha ya mtaa wetu yenye maelezo ya Kijerumani. Roshani ya jirani inaonekana vizuri, nguzo kwa nguzo. Yetu inaonekana upande wa mbele, lakini pembeni pamezibwa na mnazi.

Mkutubi, Lindi:
Picha inayoonekana kwenye ukurasa kwa kawaida ni ndogo kuliko iliyohifadhiwa. Nakili namba yake ya kumbukumbu, uiandikie maktaba husika ukiomba faili kubwa, na uulize masharti ya matumizi. Ikifika, kuza hapo penye mnazi: vichwa vya boriti za kubebea roshani vilivyotokeza ukutani, kama vipo, vitamaliza ubishi wa wazee.