Naomba ushauri: wachezaji wanakwama kwenye gemu yangu bila kujua

Mpiga_Makasia: Wakuu, habari zenu. Natengeneza gemu ya maandishi, vyumba 14, vitu 8. Mchezaji anavuka kwa mashua hadi kisiwani, kisha anashuka pangoni. Asiyechukua kamba bandarini hawezi kushuka. Wajaribu wanazunguka kisiwa saa nzima wakitafuta kitu ambacho hakipo. Niongeze vidokezo?

Kufuli: Kidokezo hakimsaidii aliyekwisha kushindwa. Ndiyo iliyokuwa kasoro ya gemu ya King's Quest V, 1990: ukila pai uliyobeba, huna cha kumrushia yeti, dubwana la theluji, mlimani, na gemu haikuambii kitu.

Bi_Fumbo: Vijana hawataki kufikiri siku hizi. Ukimtafunia kila kitu, fumbo liko wapi?

Kufuli: Bi Fumbo, kufa si kukwama. Anayekufa anaona palipoharibika, anarudi. Mkuu, mchezaji anasevu vipi?

Mpiga_Makasia: Sevu ni moja tu, inajiandika yenyewe akishapanda mashua. Na mashua hairudi. Nimekusudia hivyo, nataka maamuzi yawe na uzito. Hilo sibadilishi.

Kufuli: Basi hapo ndipo penye tatizo! Sevu yako inafuta njia pekee ya kurudi. Kama hubadilishi, nahodha agome kung'oa nanga mpaka mchezaji awe na kamba. Au weka makumbi ya nazi kisiwani, asiyekuja na kamba aisokote.

Daftari: Samahani, mimi nina shaka na uzi huu. Kitu kidogo cha mwanzoni kinakuja kukumaliza baadaye: hiyo ni sandwichi ya jibini ya gemu ya The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, ya kampuni ya Infocom, 1984. Usipompa mbwa, mbele ya safari anameza kundi zima la vyombo vya anga. Gemu yako ipo kweli, au umeazima kisa? Weka orodha ya vitu.

Mpiga_Makasia: Ipo. Kamba, taa, mafuta, kisu, mkate, ufunguo, dira, ndoano. Mkate unalika. Mafuta yanatosha hatua 40.

Daftari: Nimeridhika, lakini hayo mafuta yananitisha. Kutoka gatini hadi chini ya pango ni hatua ngapi?

Mpiga_Makasia: 31, zote gizani.

Daftari: Basi aliyewasha taa bandarini akatembea hatua 10 amekwisha kabla ya kupanda, hata awe na kamba. Usikague kwa macho. Kila kitu kina hali tatu: bado, anacho, kimetumika. Kwa vitu 8 ni hali 6,561, mara vyumba 14, ni 91,854. Ukihesabu na mafuta, toka 0 hadi 40, ni 3,766,014. Kompyuta ya kawaida inazimudu. Anza na hali za ushindi, rudi nyuma hatua kwa hatua ukitia alama. Kisha anza mwanzo wa gemu uende mbele. Hali yoyote utakayoifikia isiyo na alama, hapo mchezaji amekwama.

Mpiga_Makasia: Na mkate je? Mlinzi wa pango anaudai.

Kufuli: Mkuu, na unalika! Mruhusu mlinzi apokee samaki. Ndoano si unayo?