Ulinganisho: tiketi ya msingi yenye ada za ziada, tiketi ya kifurushi, au Madaraka Express hadi Ukunda?

Mkaazi wa Donholm

Salaam kwenu wanachama. Sisi ni watu wazima wanne, yaani mimi, mke wangu, dada yangu na mama mzazi, na mwezi wa Desemba tunatoka Nairobi kwenda harusini Ukunda, pwani ya kusini mwa Mombasa. Nimefanya hesabu ya nauli na kuona kwamba bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo la ndege si ile ninayoikuta kwenye ukurasa wa malipo, kwa sababu kila nikisonga hatua moja mbele naulizwa kama ninataka mzigo, kiti, bima, na hata ujumbe wa simu wa kunikumbusha safari yangu mwenyewe.

Nina njia tatu mbele yangu. Naweza kununua tiketi ya msingi, ambayo hairuhusu chochote zaidi ya mkoba wa mkononi, kisha nilipie kila huduma peke yake. Naweza kununua tiketi ya kifurushi, ambayo ndani yake mna mzigo wa kilo 23 na ruhusa ya kubadili tarehe. Au naweza kuachana na ndege kabisa, tupande treni ya Madaraka Express kwenye stesheni ya Syokimau hadi Mombasa. Tuna masanduku mawili makubwa ya nguo na zawadi, na mikoba midogo ya kila mtu. Waliozoea safari hizi wananishauri vipi? Naomba tuzungumzie gharama yote, si nauli ya tangazo.

Karani wa Tiketi

Ndugu, mimi huuza tiketi hapa katikati ya jiji, na swali hili naulizwa na wateja kila mara. Jambo la kwanza ni kwamba tiketi ya msingi inaweza kuwa ya bei ya chini kuliko zote au ya bei ya juu kuliko zote, na kinachoamua ni wakati unaolipia mzigo. Mzigo ukinunuliwa pamoja na tiketi huwa na bei moja, ukiongezwa baadaye mtandaoni huwa na bei nyingine, na ukifika nao kaunta bila kuulipia unakutana na bei ya tatu, ambayo imewekwa makusudi iume.

Tuchukue mfano wa kubuni tu, ili hesabu ionekane. Tuseme tiketi ya msingi ni shilingi 6,000, ya kifurushi ni 8,500, mzigo ulionunuliwa mapema ni 1,500, na mzigo wa kaunta ni 3,000. Nyinyi wanne mkinunua tiketi za msingi na mizigo miwili mapema, mtalipa 27,000 kwa safari ya kwenda. Mkinunua vifurushi vinne mtalipa 34,000, na nusu ya ruhusa ya mizigo mliyoilipia itabaki bila kazi. Lakini mkifika uwanjani na tiketi za msingi na masanduku manne, tuseme kila mtu na lake, ambayo hayakulipiwa, mtalipa 36,000 huku foleni nzima ikiwatazama. Ndege ni ile ile na viti ni vile vile.

Kwa hiyo usiulize kipi ni nafuu kabla hujajua idadi ya masanduku. Watu wengi hununulia kila abiria kifurushi kwa sababu wanaona ni salama zaidi, ilhali familia ya watu wanne mara nyingi hubeba mizigo miwili. Kifurushi kinafaa hasa kwa mtu ambaye tarehe yake haijatulia, kwa maana ada ya kubadili tarehe kwenye tiketi ya msingi, ukiijumlisha na tofauti ya nauli ya siku hiyo mpya, huweza kukaribia bei ya tiketi nyingine. Harusi haihamishwi ovyo, kwa hiyo kwako hilo si la kulipia.

Mkoba wa mkononi nao upimeni nyumbani. Kwa mashirika mengi ya bei nafuu kikomo ni kilo 7, na kompyuta pamoja na chaja yake na viatu vya akiba hufika hapo upesi.

Mama wa Nyalenda

Naishi Nairobi lakini nyumbani ni Kisumu, na njia hiyo naijua vizuri. Ada ambayo sijawahi kuielewa ni ya kuchagua kiti. Ndege zinazotumika sana katika safari zetu za ndani, zile za panga aina ya Dash 8-400, zina viti viwili kila upande wa njia. Hakuna kiti cha katikati cha kukwepa, na safari yenyewe haimalizi saa moja. Mtu mzima anayelipia kiti humo ananunua dirisha tu.

Ila nikisafiri na mtoto jambo hubadilika. Siwezi kukubali mtoto wa miaka 5 akae safu ya 3 nami safu ya 15, na mwenye kuuza tiketi anajua kwamba siwezi. Hapo ada haiitwi ya hiari tena, hata kama ukurasa wa malipo unasema hivyo. Kwa kundi lako la watu wazima, ndugu, ipite tu.

Mhasibu wa Embakasi

Naomba niwatetee kidogo wenye ndege, ingawa najua sitapendwa. Utozaji huu haukuzuka hapa kwetu. Mwaka 2008 bei ya mafuta ghafi ilipanda hadi kufika takriban dola 147 kwa pipa mwezi Julai, na mwaka huo huo shirika la Marekani la American Airlines likaanza kutoza dola 15 kwa mzigo wa kwanza wa kukabidhi, yaani ule unaoachwa kaunta. Washindani wakafuata. Mwaka 2010 Spirit, shirika jingine la huko, ikaenda mbali zaidi na kutoza hata begi kubwa la mkononi linalowekwa juu ya viti. Mafuta yaliposhuka ada zilibaki, na Mei 2025 hata Southwest, ya huko huko, iliyokuwa ikijigamba miaka yote kwamba haitozi masanduku, nayo ilianza kutoza. Huko Marekani kuna sababu nyingine ambayo haitajwi sana: nauli hukatwa kodi ya asilimia 7.5, lakini ada ya mzigo haikatwi kodi hiyo, kwa hiyo shilingi iliyohamishwa kutoka kwenye nauli kwenda kwenye ada ina faida zaidi kwa shirika.

Hata hivyo, mantiki ya msingi si mbaya. Kijana anayekwenda Kisumu asubuhi kwa kikao na kurudi jioni akiwa na mkoba mmoja hana sababu ya kumlipia mwenzake sanduku la kilo 23. Kwenye matatu ya kwenda mashambani gunia la viazi lina nauli yake, na hakuna anayelalamika, kwa sababu utingo anaitaja kabla gunia halijapandishwa. Uzito ni mafuta na mafuta ni fedha. Zamani sote tulilipishwa sawa, na wasio na mizigo waliwabeba wenye mizigo bila kujua.

Ninachokikataa ni kutoza kile ambacho mtu hawezi kukiepuka. Ryanair ya Ulaya humtoza yuro 55 abiria ambaye hakujisajili kwa safari (check-in) mtandaoni akasubiri kufanya hivyo uwanjani. Ada ya namna hiyo hailingani na gharama ya karani wa kaunta hata ukiizungusha vipi. Ni faini.

Wakili wa Ngong Road

Mhasibu amegusa kiini cha jambo alipomtaja utingo. Sheria yetu haikatazi shirika kutoza mzigo au kiti, ila inakataza kumshtukiza mteja. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 kinasema kwamba mtoa huduma hawezi kumtwisha mlaji malipo au ada ambazo hakujulishwa kabla ya kutozwa au kabla ya huduma kutolewa, na kwamba mlaji ana haki ya kuelezwa malipo yote, yawe yamepewa jina lolote lile. Maneno hayo ya mwisho yana uzito, kwa sababu ada hizi zina majina mengi: ya huduma, ya usimamizi, ya urahisi, ya kuchakata malipo. Juu ya sheria hiyo kuna Ibara ya 46 ya Katiba, inayompa mlaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili afaidike kikamilifu na huduma anayoinunua.

Kwa hiyo, ada ya mzigo wa kaunta iliyoandikwa waziwazi kwenye masharti kabla hujalipa ni chungu lakini ni halali. Ada inayoibuka ukiwa tayari umelipa, au iliyofichwa ndani ya kisanduku ambacho kimeshatiwa alama ya kukubali kwa niaba yako, ina mjadala mkubwa. Piga picha ya kila ukurasa unapokata tiketi. Ukidai haki yako mbele ya Mamlaka ya Ushindani, au kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ambayo ndiyo msimamizi wa sekta, picha hizo zitakusaidia kuliko hasira.

Umoja wa Ulaya umekwenda mbele zaidi. Kanuni yake namba 1008 ya mwaka 2008 inataka bei ya mwisho, pamoja na kodi na malipo yasiyoepukika, ionyeshwe wakati wote, na huduma ya hiari ikubaliwe na abiria mwenyewe, si kutiwa alama mapema. Mwaka 2014 mahakama ya Umoja huo, katika kesi iliyolihusu shirika la ndege la Vueling, ilisema mzigo wa kukabidhi unaweza kulipiwa peke yake, lakini mkoba wa mkononi wa ukubwa na uzito wa kiasi ni sehemu ya lazima ya safari na haufai kutozwa. Kwa msingi unaokaribiana na huo, Hispania ilitangaza Novemba 2024 faini za jumla ya yuro milioni 179 kwa mashirika matano, nayo mashirika yakapinga. Hapa kwetu sijaona sababu ya kutoanza na hatua ile ndogo ya kwanza, yaani bei ya tangazo na bei ya mwisho kukaa ukurasa mmoja.

Jirani wa Wilson

Kwa kuwa mnakwenda Ukunda, kuna watakaokwambia uondokee Wilson, uwanja mdogo wa ndege wa Nairobi. Angalia aina ya ndege kwanza. Kwenye zile ndogo kama Cessna Caravan kikomo huwa kilo 15 kwa mtu, mkoba wa mkononi ukiwa ndani ya hesabu hiyo, tena hutakiwa begi laini ambalo linaweza kubanwa kwenye sehemu ya mizigo. Sanduku gumu la zawadi za harusi huenda likakataliwa hata kama una fedha za ziada mkononi. Hapo suala haliwi ada tena, ni nafasi na mizani ya ndege.

Abiria wa Reli

Hakuna aliyeitetea treni, basi niitetee mimi. Tangu Januari 2024 nauli ya Madaraka Express kati ya Nairobi na Mombasa ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza, baada ya kupandishwa kutoka 1,000 na 3,000. Watu wanne daraja la kawaida ni 6,000, na fedha hizo hazikui njiani. Hakuna anayekuuzia dirisha wala ujumbe wa simu.

Lakini gharama yake iko mahali pengine, na ni haki kuitaja. Mtafika Syokimau mapema kwa ajili ya ukaguzi, ambapo mizigo hupangwa chini ili mbwa wa polisi waipitie, kisha mtakaa ndani ya treni kwa muda wa saa 5 hivi au zaidi. Mkishuka Miritini, iliko stesheni ya Mombasa, bado mko mbali na Ukunda, na mtakodi gari la kupitia barabara ya Dongo Kundu ili msishikwe na foleni ya kivuko cha Likoni. Ndege ya Ukunda inawaweka mlangoni. Bei ya gari hilo iingizwe kwenye hesabu kama vile mnavyoingiza bei ya masanduku.

Mkaazi wa Donholm

Nawashukuru sana, hasa wakili, kwa kifungu hicho ambacho sikuwa nakijua. Nyumbani tumeshauriana. Mama amesema kwamba hataki ndege kabisa, anataka treni ya asubuhi ili aone mbuga ya Tsavo kukiwa na mwanga, na dada yangu amekubali kumsindikiza. Wao watasafiri daraja la kwanza wakiwa na masanduku yote mawili, na shemeji yetu wa Ukunda atawafuata Miritini kwa gari lake. Mimi na mke wangu, ambao kazini hatupewi ruhusa hadi Ijumaa, tutachukua tiketi za msingi za ndege na mkoba mmoja mmoja wa mkononi. Karani, je, kuna ada nyingine inayoweza kunikuta katika mpango huo?

Karani wa Tiketi

Mpango ni mzuri. Angalia mambo machache. Jisajili mtandaoni mara dirisha la usajili linapofunguka, kwa kuwa baadhi ya mashirika hutoza usajili wa kaunta. Andika majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, maana kurekebisha herufi baada ya malipo nako kuna ada yake. Ile ada ya serikali ya huduma kwa abiria kiwanjani hukusanywa ndani ya tiketi, kwa hiyo mtu yeyote asikudai tena ukifika.

Ukikata tiketi ya kwenda na kurudi kwa pamoja, kumbuka kwamba mifumo mingi huhesabu huduma za ziada kwa kila upande wa safari. Mkirudi wote wanne kwa ndege na sanduku moja, nunua mzigo upande wa kurudi pekee, na uhakikishe kwamba upande wa kwenda umebaki sifuri kabla hujaingiza namba yako ya siri ya M-Pesa.