Kadi ya kupiga mbizi ni ya maisha, au klabu itupime upya kila mwaka?

Pezi Kongwe (mleta mada)

Wakuu, klabu yetu ya kupiga mbizi imegawanyika na nimechoka kubishana kando ya bwawa, kwa hiyo nalileta hapa.

Pendekezo lililo mezani ni hili: kila mwanachama, awe na kadi (cheti cha kufuzu kupiga mbizi) ya mwezi jana au ya miaka ishirini, aingie bwawani mara moja kwa mwaka mbele ya msimamizi. Avue miwani chini ya maji na kuivaa tena. Ampe mwenzake hewa ya mtungi wake. Afungue mkanda wa uzito, ule unaomsaidia kuzama. Aelee katikati bila kugusa chini wala kuchomoka juu, kisha amvute mtu "aliyezimia" hadi ukingoni. Asiyeweza hapandi boti mpaka aweze. Wanaopinga wanasema kadi haina tarehe ya mwisho, na ni kweli haina, ingawa mashirika yaleyale yanayoitoa humshauri mtu aliyekaa muda mrefu nchi kavu arudie mazoezi kwanza.

Mimi nilikuwa mpinzani nambari moja. Goti liliniweka nje miezi kumi na minne. Siku ya kurudi, kijana aliyepangwa kusimamia, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kuvaa mapezi, akaniambia, "Mzee, kabla ya boti naomba nikuone bwawani." Nikanuna, nikaingia. Kina mita 2. Akanipa ishara ya kuangusha mkanda. Mkono wa kulia ukaenda kwenye kifungo, nikavuta, kikafunguka, mkanda haukwenda popote. Nikavuta tena. Kumbe nilivaa mkanda kwanza, halafu ule ugwe wa jaketi unaopita katikati ya miguu nikaupitisha juu yake. Kilo 8 za risasi zilikuwa zimekaa pale kama mtoto mbelekoni. Nilihangaika mpaka kijana akasogea akanitoa.

Mita 2 ni kichekesho. Lakini wanaochunguza vifo vya wapiga mbizi wamekuwa wakiandika jambo lilelile kwa miaka: wengi hupatikana mkanda ungali kiunoni.

Kadi yangu inasema siku moja, zamani, niliweza. Ya leo haiyajui. Na klabu si kampuni yenye wateja. Sisi ni marafiki, na hapo ndipo ninapoona hatari yenyewe: nani atamwambia mwalimu wake "leo huendi"? Ndiyo maana nataka kanuni iwe ya wote na ianzie kwetu wakongwe, ili yule kijana asihitaji ujasiri. Ashike orodha tu, aite jina linalofuata.

Mita Arobaini

Mleta mada, pole kwa goti, ila nakupinga. Nimepiga mbizi mara zaidi ya 600. Bwawa halina mkondo, halina baridi, halina giza, na hakuna mtu aliyewahi kupotea bwawani. Mtu akifaulu humo anatoka na kiburi kipya, hajapata uwezo wowote.

Twende kwenye takwimu. Shirika la DAN, ambalo kazi yake ni usalama wa wapiga mbizi, lilichapisha mwaka 2008 uchambuzi wa vifo 947 vya kati ya 1992 na 2003. Pale chanzo cha mkasa kilipoweza kujulikana, asilimia 41 ilikuwa upungufu wa hewa, 20 kunaswa na kitu, 15 matatizo ya vifaa. Kuvua miwani kwako kunazuia lipi hapo? Mnataka mchezo wa kuigiza ili kamati ilale usingizi.

Mwenza Mwaminifu

Mita Arobaini, hiyo 41 yako ndiyo inayomtetea mleta mada. Kaa nami kwenye hesabu.

Mtungi wa lita 12 wenye bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo) una lita 2,400 za hewa. Mtu mtulivu juu ya maji huvuta kama lita 20 kwa dakika. Kwenye mita 30 shinikizo ni mara nne ya la juu, kwa hiyo anakula lita 80. Sasa mwenzake anaishiwa. Wawili kwenye mtungi mmoja, wote na hofu, kila mmoja tuseme anavuta mara mbili ya kawaida: lita 320 kwa dakika. Dakika moja ya kushikana, kutazamana na kutulia, 320 zimekwenda. Kupanda mita 10 kwa dakika ni dakika 3, kwa wastani wa shinikizo mara mbili na nusu, ni lita 600 nyingine. Jumla 920, karibu bar 77. Na hapo hata hamjasimama zile dakika 3 za usalama kwenye mita 5.

Yaani yule anayekaa chini mita 30 akisubiri geji ya mtungi isome bar 50 ndipo ageuke, ana lita 600 na deni la 920. Nimewauliza wenye kadi wengi swali hili, na wengi walinijibu "si unarudi na 50". Kurudi na 50 maana yake uwe nazo ukiwa *kwenye boti*.

Kwa hiyo kupeana hewa si maigizo. Ila nakubali kwamba bwawani pekee hakutoshi.

Daktari wa Nchi Kavu

(Jina tu hilo, wakuu, msije mkaniomba dawa.)

Mnabishana juu ya mikono na hakuna anayegusa moyo. Uchambuzi uleule aliouleta Mita Arobaini unaonyesha kuwa pale kilichomlemaza mtu kilipotambulika, tukio la moyo lilikuwa asilimia 26. Robo! Na klabu nyingi zinazeeka pamoja na wanachama wake.

Hapa nchi zinatofautiana. Ufaransa, klabu za shirikisho zimezoea kudai cheti cha daktari. Uingereza hutumia fomu ya maswali unayojijazia. Ukijibu "ndiyo" mahali fulani ndipo unatafuta daktari anayejua mambo ya mbizi. Fomu ni rahisi, na kusema uongo kwenye fomu ni rahisi zaidi. Nimemwona mtu akijaza "hapana" kwenye swali la presha, kidonge chake cha presha kikiwa mfukoni mwa begi lilelile alilotolea kalamu. Huyo angefaulu mambo yote matano ya mleta mada akicheka.

Fundi Kompresa

Mnapima watu, na mtungi je? Mara ya mwisho ulifunguliwa ukatazamwa ndani lini? Uingereza mitungi ya kupigia mbizi hutazamwa ndani kila miaka 2 na nusu na kupimwa kwa shinikizo kila miaka 5. Nilishafika mahali nikakuta mdomo wa kunyonyea hewa wa kompresa, mashine ya kujazia mitungi, upo hatua tatu kutoka bomba la moshi la injini yake yenyewe. Upepo ukigeuka, mnajaziwa monoksidi ya kaboni, na haina harufu. Juu unaona kichwa kizito kidogo, ukifika mita 30 shinikizo limeizidisha mara nne. Msimamizi hodari hawezi kukuokoa na hilo.

Endeleeni.

Hesabu ya Vichwa

Na mimi nichomeke langu. Tarehe 25 Januari 1998, Tom na Eileen Lonergan, mume na mke kutoka Marekani, walipiga mbizi kwenye matumbawe ya Great Barrier Reef huko Australia. Boti ikaondoka bila wao. Ilichukua siku mbili watu kugundua kwamba hawapo, na hawakuonekana tena. Hakuna anayesema walikosa ujuzi. Ilikosekana hesabu sahihi ya watu waliorudi.

Kwetu kila mtu huitika jina lake kwa mdomo wake. "Yupo, nimemwona anavua mapezi" haikubaliki, hata kama anayesema ni mke wake. Hiyo haihitaji bwawa wala daktari, ila kalamu ya risasi isiyofutika kwa maji.

Mita Arobaini

Sawa, Mwenza Mwaminifu amenibana kwenye hesabu. Lakini maswali yangu mawili yako palepale. La kwanza, mzee akishindwa mbele ya watoto aliowafundisha, mnadhani atarudi wiki ijayo? Mtampoteza mtu anayejua kila mwamba. La pili ni zito zaidi: klabu ikishamwandikia mtu "amefaulu" na akafa mwezi unaofuata, familia itamuuliza nani? Msimamizi ni mtu wa kujitolea. Mnamtwika mzigo usio wake.

Pezi Kongwe (mleta mada)

Nimewasoma wote.

La pili kwanza, maana limenikalia. Neno "amefaulu" tumelitoa. Daftari litaandika tarehe na "alionekana akifanya hivi", basi. Uamuzi wa kuingia baharini unabaki wa mwenye mapafu. Je, hilo linamlinda msimamizi? Nitamwuliza mwanasheria kabla hatujapiga kura, nimeshaahidi.

La aibu: nilijiona mjinga dakika tano na nikarudi wiki iliyofuata. Lakini mimi nilikuwa na bahati, bwawa lilikuwa na watu wawili tu. Tutafanya hivyohivyo kwa wote, wawili wawili, bila watazamaji. Na zoezi la kupeana hewa tunalihamishia baharini, wawili kupanda kutoka mita 10 kwa mtungi mmoja, geji ikisomwa kwa sauti kabla na baada. Hilo ni lako, Mwenza Mwaminifu. Fundi, bomba la kompresa yetu nimekwenda kulipima jana. Sisemi nilikuta nini, ila limeshasogezwa.

Hili la daktari sina jibu. Nikidai cheti, wenye presha watahamia klabu isiyodai. Nikiacha fomu, tunaendelea kujidanganya. Kamati imegawanyika nusu kwa nusu na mimi nimo katika nusu zote mbili.

Mita Arobaini, kura ni mwisho wa mwezi na bado unahesabiwa upande wa hapana. Ila Jumamosi bwawa liko wazi, na mwenza wangu kasafiri. Nikupime au unipime?